Kanali Aliyevua Gwanda

Kwenye baraza letu la kahawa hapa Ngamiani, Tanga, mjadala wowote wa barabara, mtaro au zahanati isiyokwisha huishia na maneno mawili: "Wape wanajeshi." Msemaji hubadilika, sauti ni ile ile, ya mtu aliyekwisha kukata shauri. Kikombe kinarudi kwenye ndoo ya maji, kashata inavunjwa, tunahamia kwenye mpira wa Coastal Union. Sina ugomvi na maneno hayo. Nimeyasema mwenyewe si mara moja. Ila siku hizi nikiyasikia yananikaa kooni, na walionifikisha hapo ni watu wawili: mjomba wangu, mstaafu wa jeshi upande wa uhandisi, na Mmarekani mmoja aliyefariki 1928, ambaye mjomba hakuwahi kumsikia mpaka nilipomsimulia.

Hoja ya barazani ina ushahidi, tusiibeze. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliagiza machimbo ya tanzanaiti ya Mererani yazungushiwe ukuta. Jeshi likashika kazi, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wakimwagwa saiti, na Aprili 2018 ukuta wa kilomita 24.5 ukazinduliwa. Watu wa Tanga, tunaojua mtaro wa mita mia mbili unavyoweza kula misimu miwili ya masika, tuna haki ya kuduwaa. Lakini ukuta ni ukuta. Mchoro wa mita ya kwanza ndio wa mita ya mwisho, na kazi kubwa ni matofali, saruji na watu wa kutosha. Ukishafika kwenye daraja, gati au reli, ambako udongo una siri zake na mwenye shamba ana wakili wake, amri peke yake haitoshi. Hapo ndipo namleta huyo Mmarekani, msimamizi wa ujenzi wa Mfereji wa Panama.

George Washington Goethals alizaliwa Brooklyn, New York, 29 Juni 1858, mtoto wa wahamiaji kutoka Ubelgiji. Mwaka 1880 alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point akiwa wa pili darasani, na wakati ule vichwa vya juu kabisa vilipelekwa Kikosi cha Wahandisi. Kwa miaka mingi adui zake walikuwa mito: Ohio, Cumberland, Tennessee. Alipofika Ohio akiwa luteni kijana mwenye cheti cha kujivunia, mkubwa wake alimwanzisha chini kabisa, kushika fimbo ya wapimaji, baadaye unyapara. Mjomba alipolisikia hili alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyo kafundishwa," alisema. Kwa mjomba hakuna sifa inayozidi hiyo.

Mitoni ndiko alikojifunza kujenga malango ya kupandishia vyombo. Kwa asiyeyajua: ni chumba kikubwa cha zege chenye mageti mbele na nyuma. Chombo kinaingia, geti la nyuma linafungwa, maji yanafunguliwa kutoka juu, chombo kinapanda taratibu hadi usawa wa pili, geti la mbele linafunguka, safari inaendelea. Kule Tennessee, mahali paitwapo Riverton, alijenga lango la kupandisha futi 26, zaidi ya yaliyozoeleka siku zile. Hiyo kazi ya mtoni, isiyoandikwa magazetini, ndiyo iliyomfanya afae Panama.

Panama ilikuwa imekwisha kula watu. Wafaransa walianza kuchimba mwanzoni mwa miaka ya 1880, kampuni ikaanguka 1889, na waliokufa kwa homa ya manjano, malaria na ajali wanakadiriwa kufika 20,000. Wamarekani wakaingia 1904. Mhandisi Mkuu wao wa kwanza, John Wallace, akaacha kazi baada ya mwaka mmoja. Wa pili, John Stevens, mtu wa reli, akaandika barua ya kung'atuka mapema 1907. Rais Theodore Roosevelt akachoka na barua. Akasema sasa ataweka watu watakaobaki kazini mpaka yeye mwenyewe awachoke, na watu wa namna hiyo aliwaona jeshini, ambako hakuna kuamka siku moja ukaaga. Stevens alikuwa akilipwa dola 30,000 kwa mwaka. Goethals alipewa 15,000.

Tukisema "wape wanajeshi", tunafikiri Roosevelt alitafuta kelele, mguu-pande na mguu-sawa. Alichotafuta ni mtu asiyeweza kukimbia. Wafanyakazi wa kule nao walikosea kama sisi. Goethals alipowasili Machi 1907 walimwandalia tafrija, na jina la Stevens lilipotajwa walishangilia, lake likapokewa kwa baridi. Waliogopa kuanza kupigishwa saluti. Alipoinuka kusema aliwaambia kwamba yeye hajioni tena kuwa kamanda katika jeshi la Marekani. Jeshi lake sasa ni la Panama, na adui ni mlima wa Culebra pamoja na malango na mabwawa ya ncha zote mbili.

Na akavua gwanda. Kwa miaka yake yote pale, Luteni Kanali huyu, baadaye Kanali, alivaa suti nyeupe za kiraia. Mtu aliyeteuliwa kwa sababu ni mwanajeshi alitumia cheo chake chote bila kukivaa mwilini. Sisi tungetaka kinyume: tuone buti na kombati, tutulie roho, tusiulize tena.

Alichofanya kila asubuhi ni kupanda behewa dogo la injini, lililopakwa rangi ya manjano, na kupita kwenye mstari wa kazi. Wafanyakazi walilipachika majina ya kejeli na walilijua kwa mbali, kama watoto wa Chumbageni wanavyoijua gari ya askari wa manispaa. Alishuka, akauliza, akasikiliza, akapanda tena. Alikuwa hapendezi sana. Hakuwa mtu wa kucheka hovyo. Lakini hakuna aliyeweza kumwambia tope liko mahali ambapo halipo.

Jambo linalonivutia kuliko yote lilitokea Jumapili. Asubuhi, ofisini kwake Culebra, alifungua mlango na yeyote mwenye lalamiko aliingia. Mzungu, Mbarbados, Mhispania, mke wa fundi, mpishi. Walikuja na kesi za nyapara mwenye matusi, nyumba aliyopewa mwenzake, mshahara uliokatwa, hata mume na mke walioshindwana. Aliketi mpaka adhuhuri. Mengi aliyaamua pale pale. Yaliyohitaji uchunguzi yalichunguzwa. Hakukuwa na kamati wala fomu ya kujaza nakala tatu. Kwa mradi wa watu makumi ya maelfu kutoka nchi nyingi na lugha nyingi, lile benchi la Jumapili lilikuwa chombo cha uhandisi sawa na mashine za mvuke zilizochimba mlima. Nyapara aliyejua kwamba kibarua wake anaweza kumfikia Kanali Jumapili alishika ulimi wake Jumatatu.

Kusikiliza bila uwezo wa kuamua ni maombolezo tu, na hilo nalo Roosevelt alilielewa. Mwanzo, mfereji uliongozwa na tume ya watu saba, kila mmoja na neno lake. Januari 1908 Rais akatoa amri iliyoweka mamlaka yote mikononi mwa Goethals. Tangu hapo aliyeulizwa ni mmoja, na aliyeamua ni huyo huyo.

Kabla sijamsifu kupita kiasi niseme anachodaiwa. Kwanza, hakuanza na uwanja mtupu. Dokta William Gorgas alikuwa amekwisha kuifukuza homa ya manjano kwa kuwinda mbu kwenye mapipa na madimbwi, na Stevens alikuwa amefanya jambo la kishujaa ambalo wanasiasa hawalipendi: alisimamisha uchimbaji. Alipofika 1905 aliona udongo unachimbwa na hauna pa kwenda, watu wanalala vibaya, maji machafu. Akajenga nyumba, mabomba, akafufua reli, ndipo kazi ikarudi. Goethals alikuta karamu imepikwa nusu. Mjomba alilichukulia hili kwa uzito. "Sisi," alisema, "tunaanza na katapila, halafu tunauliza maji ya kuchanganyia zege yatatoka wapi."

La pili ni zito zaidi. Panama ililipa watu kwa madaftari mawili: la dhahabu na la fedha. La dhahabu lilikuwa karibu lote la Wamarekani weupe. La fedha lilikuwa la wengine, wengi wao watu weusi kutoka Barbados, Jamaica na visiwa vya jirani, waliolipwa kama senti 10 kwa saa. Dirisha la posta lilikuwa mbali, duka mbali, bwalo mbali. Sisi tunaoita sarafu zote fedha tungedhani daftari hilo ndilo lenye neema. Goethals hakulianzisha, ila alilikuta na akaliendesha kwa nidhamu. Rekodi za Wamarekani wenyewe zinahesabu vifo 5,609 katika kipindi chao, na kati ya hao Wamarekani weupe walikuwa 350 hivi. Mtu wa daftari la fedha aliweza kuingia Jumapili kumlalamikia nyapara. Lalamiko lake juu ya daftari lenyewe lisingefika popote. Benchi la Jumapili lilikuwa na mpaka wake, na mpaka ulichorwa kabla mlango haujafunguliwa.

Kazi yenyewe ilikuwa vita vya mlima. Udongo wa Culebra uliporomoka kila mvua iliponyesha. Walichokichimba mwezi mzima kilirudi shimoni usiku mmoja. Inasimuliwa kwamba baada ya mporomoko mkubwa wa Januari 1913, David Gaillard, aliyesimamia sehemu ile, alimuuliza bosi wake kwa unyonge wafanye nini sasa. Goethals akawasha sigara, akajibu kwa tusi dogo kwamba wachimbe tena. Gaillard aliugua mwaka ule ule, akafariki Desemba kwa uvimbe kwenye ubongo, hakuona meli hata moja ikipita. Tarehe 15 Agosti 1914 meli ya Ancon ikavuka kutoka bahari moja hadi nyingine, kilomita kama 80, ikipandishwa mita 26 juu ya bahari na kushushwa tena. Goethals hakupanda. Alikuwa nchi kavu, kwenye kile kibehewa cha manjano, akiifuata meli kutoka lango hadi lango kuona mitambo inavyofanya kazi.

Dunia haikumwangalia. Vita vilikuwa vimeanza Ulaya wiki mbili nyuma, na miezi mitatu baadaye vilifika hapa kwetu, Raskazone. Kila mwana Tanga anajua habari ya nyuki waliowashambulia askari wa Waingereza mwezi Novemba 1914. Nyuki wanasifiwa sana mjini hapa, reli haisifiwi. Lakini kilichomwezesha von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kuwashusha askari wake kutoka Moshi na kuwahi vita ni reli ya Usambara, na historia ya reli ile inafanana na Panama kuliko tunavyodhani. Kampuni ya Kijerumani ilianza kuijenga kutoka Tanga 1893. Ilichukua miaka mitatu kufika Muheza tu, kama kilomita 40. Fedha zikaisha, kazi ikalala, serikali ya kikoloni ikaichukua 1899. Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Waliobeba mataruma kwa mabega hawakuwa na Jumapili ya kulalamika. Walikuwa na kiboko.

Basi sisi wa pwani hii si wageni wa miradi inayoanza kwa mbwembwe na kulala njiani. Bandari ya Bagamoyo, kule Mbegani, imetiwa saini 2013, ikakataliwa masharti yake, ikazungumzwa upya. Nimeshawasikia watu wa Bagamoyo wakiitaja kama wanavyotaja ndugu aliyesafiri akaahidi kurudi Idi. Hapa Tanga gati limepanuliwa na kina kuongezwa, na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linamalizia safari yake Chongoleani. Barabara ya Tanga–Pangani–Bagamoyo ina daraja lake juu ya mto Pangani. Kazi kubwa zipo, na wahandisi wetu, wa kiraia na wa jeshi, wanaziweza. Ninachouliza ni kidogo kuliko hapo. Mama mwenye mnazi uliong'olewa, anakwenda kwa nani?

Niwape kisa cha mtaani kwetu. Ulichimbwa mtaro wa maji ya mvua, wa zege, mbele ya nyumba zetu. Kibao cha mradi kilisimikwa kwa heshima zote: mwajiri, mkandarasi, mhandisi mshauri, gharama, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Tarehe ya kumaliza imepakwa rangi na kuandikwa upya mara mbili. Ukiikaribia unaisoma ile ya zamani kwa chini, kama jina la mume wa kwanza kwenye kadi ya arusi. Chini kuna namba ya simu. Inaita.

Mjomba alikuja kututembelea akakuta nimeweka ubao wa kuvukia. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba." Hakuitika mara moja, alikuwa ameinama anautazama mtaro. "Marahaba mpwa wangu. Hebu niletee mpira wa maji." Nikampa ule mpira mwembamba unaoangaza, tukaujaza maji, tukatoa mapovu, yeye akashika ncha moja kwenye kona ya msikiti, mimi nyingine kwa muuza mkaa, mita thelathini hivi. Maji hayadanganyi, yanakaa usawa mmoja kila upande. Tukapima kutoka kwenye maji hadi sakafu ya mtaro, kwangu na kwake. Akaniita tubadilishane, tukapima tena. Upande ambao maji yanatakiwa yaelekee ulikuwa juu kwa vidole vinne.

"Huu unapanda mlima," alisema.

Hakukasirika. Mtu wa uhandisi hukasirikia watu, hakasirikii vipimo. Alikwenda kwa fundi aliyekuwa akisuka nondo mbele kidogo. Fundi, kijana mwenye adabu, akasema, "Mzee wangu, mimi napewa levo, nafuata. Muone nyapara." Nyapara akasema yeye anafuata michoro, tumuone mhandisi wa mkandarasi, anayekuja Jumatano. Jumatano hakuja, wiki iliyofuata alikuja, akasikiliza vizuri tu, akasema kubadilisha levo kunahitaji idhini ya mhandisi mshauri, na mshauri yuko Dar es Salaam. Ofisini mjini tuliambiwa tuandike barua. Tukaandika. Imegongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ninayo.

Angalia watu hao. Hakuna mwovu hata mmoja, na wote wamesema kweli. Mwenye macho hana mamlaka, mwenye mamlaka hana macho, na kati yao kuna muhuri. Ukimweka mwanajeshi juu ya mnyororo huo, ukamwachia gwanda lake na ukaacha kila kitu kama kilivyo, utapata mtaro unaopanda mlima uliokamilika kabla ya wakati.

Goethals mwenyewe ni ushahidi. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia vitani, alipewa shirika la kujenga meli za serikali kwa haraka. Jina lake lilikuwa kubwa, kila mtu akategemea miujiza. Lakini safari hii mamlaka yalikuwa yamegawanywa, mwenyekiti wa bodi akitaka meli za mbao, yeye akitaka za chuma. Inasemwa alidhihaki kwamba ndege bado wana viota kwenye miti itakayopasuliwa mbao hizo. Mtu yeyote wa Pangani aliyeona jahazi moja linavyochukua muda mpaka kushuka majini angemwelewa. Hakuna aliyeshinda ubishi ule. Katikati ya mwaka wote wawili waliondoka. Yule ambaye Roosevelt alimchagua kwa sababu hawezi kuacha kazi, aliacha ndani ya miezi michache. Mtu alikuwa yule yule, na cheo kimepanda. Kilichokosekana ni ile amri ya Januari 1908, na siku ya Jumapili.

Alifariki Januari 1928. Daraja la New York lenye jina lake lilifunguliwa 29 Juni mwaka huo huo, siku ambayo angetimiza miaka 70.

Mjomba hajarudi kwake bado. Kila Jumapili baada ya chai anatoa kigoda, anakaa kando ya mtaro kwenye kivuli cha mwarobaini, ule mpira wa maji umekunjwa miguuni. Hakutangaza chochote. Juzi mama muuza vitumbua alimsogelea: "Baba, na hapa kwangu je, wamenizibia mlango wa uani?" Akapima. Kisha muuza mkaa. Kisha mzee wa kona ya pili aliyetumwa na wanawe. Mjomba ananunua madaftari ya shule, yale ya kurasa 48, na anaandika kwa mwandiko wa kijeshi, wima: jina la mlalamikaji, nyumba, kipimo, tarehe. Jana aliniuliza akimaliza daftari hili alipeleke kwa nani.